Mwalimu Aliyegombana na Abasia

Tangu Mwalimu ahamie Turffontein, watu wa jengo letu pale Berea, Johannesburg, wameanza kumsafisha. Wanamtaja kama mama mpole, mcha Mungu, aliyevumilia mengi. Nikiwasikia nachukia. Nimeishi naye chumba kwa chumba miaka mingi, tukitenganishwa na ubao mwembamba tu, kiasi kwamba nilijua akigeuka kitandani, na nawaambia hakuvumilia hata kidogo. Alikuwa mtu wa hasira. Ukimwondolea hasira zile hujamwachia kitu.

Mimi ni msusi, mtu wa Kigoma. Yeye alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, ambako alifundisha historia sekondari hadi vita ilipofika mlangoni. Habari za ukoo wake na kuzaliwa kwake sizielezi, watu walipomuuliza aliwaambia, "Niulize nilichofanya." Hapa Johannesburg alifanya kazi ya kumtunza ajuza mmoja wa Kizungu kule Randburg: kumwogesha, kumlisha, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Lakini jengo zima lilimwita Mwalimu, na ole wako umwite vinginevyo. Siku moja mlinzi mpya wa getini, kijana wa KwaZulu, alimwita "sisi", jinsi Wazulu wanavyomwita dada. Alikuwa anamheshimu, maskini. Mwalimu akasimama na mifuko yake.

"Sisi? Sisi ni wangapi? Miye niko mumoja!"

Kijana hakuelewa neno. Ilibidi nimweleze, naye akasema eish na kucheka, na tangu siku hiyo alimwita Mwalimu hata alipokuwa anazungumza Kizulu kitupu.

Hivyo ndivyo ulivyojua amekasirika kweli. Kiswahili chake cha darasani, kilichonyooka, kilirudi Uvira: mtu akawa mutu, mimi nikawa miye. Na alikasirikia mambo mengi. Alimkasirikia mwenye jengo kwa lifti iliyokufa zamani, na kila jioni alipopanda ngazi alipumzika kwenye kila ghorofa ili amtukane kwa simu. Aliwakasirikia watoto wa jirani yetu Mrundi, waliozaliwa hapahapa, kwa kumjibu Kiingereza. "Ongea kama mutu!" alikuwa akiwaambia, huku akiwajazia sahani zao ugali na dagaa. Watoto walikula, wakasema "Thank you, gogo", yaani bibi kwa Kizulu, akawakasirikia upya. Alimkasirikia padri kwa mahubiri marefu, kisha akakasirika padri alipohubiri kwa kifupi.

Ila kanisa lenyewe hakuweza kulipita. Hata lililofungwa alisukuma mlango. Tukiwa kwenye taksi, robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu mbele ya kanisa lolote, la dhehebu lolote, alifanya ishara ya msalaba na papo hapo akanong'ona, "Wezi." Nilimuuliza inawezekanaje vyote viwili kwa pumzi moja. Alisema, "Wezi ni wenye nyumba. Nyumba haina kosa."

Safari ya Ulaya ilitokana na huyo Bibi wa Randburg. Marehemu mumewe alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na maisha yake yote alizungumzia abasia za Uingereza na Ireland, zile nyumba kubwa za kale za watawa. Walipanga kwenda pamoja, hawakwenda, mzee akafa. Bibi akasema yeye hafi kabla ya kuziona. Mwanawe wa pekee alikuwa anaishi London; alisema hawezi kumsukuma mama yake mwezi mzima, ana kazi. Basi akatakiwa Mwalimu. Wakati huo alikuwa na paspoti ya hapa, na mawakala wa Bibi wakashughulikia visa.

Jengo lilifurahi kuliko yeye. Sisi wanawake tulimsuka, tukamwazima koti, Mrundi akampa mtandio wa sufu. Yeye alinuna hadi siku ya kuondoka. "Naenda kusukuma," alisema. "Msiniimbie."

Aliporudi alinuna zaidi, ila alikuwa na mengi ya kusema. Yalitoka kidogo kidogo, kwa miezi, mara nyingi nikiwa nasuka mtu na yeye amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akiwagombeza wateja wangu kana kwamba wao ndio waliojenga hizo abasia. Sitayapanga kama yeye alivyoyasema, kwa sababu hakuwa na mpango.

Ya kwanza aliyoipenda, na aliipenda hadi ikamuudhi, ilikuwa Ireland. Abasia haikuwa na paa. Ndani, mahali pa mabenchi, palikuwa na majani mabichi yaliyokatwa vizuri. Kulikuwa na mto pembeni, na kunguru wadogo waliishi kwenye mnara. Kiti cha Bibi kilizama kwenye kokoto, Mwalimu akakibeba upande mmoja na Mwairishi mmoja asiyemfahamu akabeba mwingine. Halafu mwongoza watalii akaeleza. Zamani askari wa mfalme wa Uingereza walikuja, wakawafukuza watawa, wakayeyusha kengele, wakaling'oa paa kwa sababu ya ile risasi, madini, ambayo lilikuwa limefunikwa nayo.

"Nikaketi," Mwalimu aliniambia. "Nikamwacha Bibi pale kwenye majani, nikaketi juu ya kaburi la mtu nisiyemjua."

Kwa kuwa na yeye alikuwa na kanisa lake. Hilo alilisema mara moja tu. Kanisa la shule yao, juu ya Uvira, wanafunzi walikimbilia humo. Askari walipoondoka waliondoka na mabati pia.

"Paa lao lilikuwa la risasi," alisema. "Letu lilitobolewa na risasi. Halafu wote wawili tukaibiwa."

Mteja wangu, msichana wa Lubumbashi, alikuwa ameinamisha kichwa nikimsuka. Hakuna aliyesema pole, maana tulimjua Mwalimu na neno pole.

Kilichomtia hasira pale Ireland hakikuwa wale askari wa zamani. Ilikuwa watalii. Familia moja ilitandika blanketi ndani ya kanisa lenyewe, karibu na mahali pa altare, ikala mikate. Watoto walikimbizana juu ya makaburi, na nje kulikuwa na duka linalouza vitambaa vya kupangusia vyombo vyenye picha ya yale magofu.

"Watu wamefukuzwa, wengine wameuawa, na weye unafutia sahani!" alisema. "Na siku moja watafanya hivyo kwetu. Watapanda majani. Watakata tiketi."

Nilimwambia labda ni afadhali watoto wakimbie pale kuliko kubaki na maombolezo daima. Akasema, "Weye ni wa Kigoma. Mlitupokea tulipovuka. Sitakutukana." Na akamtukana mteja.

Lakini alinunua kitambaa. Nilikiona kimebandikwa kwa pini ukutani, upande wake wa ubao, karibu na rozari. Kila asubuhi alikitazama, na kila asubuhi nilimsikia akikisonya.

Kaskazini ya Uingereza walizunguka abasia nyingine, kubwa zaidi, bondeni, kondoo pande zote. Huko aligombana na watawa wenyewe, waliokufa karne nyingi zilizopita. Mwongoza watalii alionyesha mahali ambapo palikuwa na ukuta ndani ya kanisa. Upande wa mbele walikaa watawa wa kuimba na kusoma. Upande wa nyuma walikaa ndugu wa kazi, wale wa kulima na kuchunga kondoo, na walikuwa na mlango wao.

"Hata mbele ya Mungu!" Mwalimu alipiga paja lake. "Mlango wa wafanyakazi! Nikasema basi hawa nao walistahili. Nikawafutia huruma yote niliyowapa Ireland." Akapiga lile paja tena. "Nikapitisha kiti cha Bibi mlango wa mbele. Mara mbili. Nikarudi nikapita tena."

Historia yake haikuwa safi siku zote. Alisema yule mfalme aliyezibomoa alioa wake wanane. Baadaye mteja mmoja aliyesoma hapa akasema ni sita. Nilipompelekea Mwalimu masahihisho hayo alijibu bila kupepesa macho, "Wawili aliwaficha."

Na kuna jambo ambalo alilisema kwa aibu, jikoni, akinipa mgongo. Pale bondeni, mvua ilipoanza na watalii wakakimbilia magari, yeye na Bibi walibaki chini ya upinde mmoja uliosalia. Bibi alimwomba aimbe. Mwalimu aliimba wimbo wa matoleo wa Uvira, na ile sauti yake ya kutukania wenye majengo ikapanda ukutani na kurudi. Bibi alilia. Mwalimu hakulia. "Palikuwa pazuri," aliniambia, kama mtu anayeungama wizi. "Ndiyo maana nilichukia. Mahali palipofanyiwa ubaya hapatakiwi kuwa pazuri vile."

London ndiko mambo yalikoharibika, na hapa hasira ni yangu pia.

Mtoto wa Bibi alikuja kuwachukua hotelini waende kwenye ile abasia kubwa ambako wafalme wao huvikwa taji na kuzikwa. Alikata tiketi mbili. Mlangoni akashika mikono ya kiti, akamwambia Mwalimu, kwa adabu sana, kwamba hili ni jambo la familia, asubiri tu nje. Bibi alikuwa amechoka, kichwa kimelala upande, hakusema kitu. Kulikuwa na manyunyu. Mwalimu akasimama chini ya mti na mtandio wa Mrundi kichwani, mwanamke aliyemsukuma yule mama nchi mbili, akiangalia watu wakiingia.

Haukupita muda, mwana akatoka mbio bila koti. Mama yake alitaka kwenda chooni. Yeye hakujua afanye nini.

"Akasema, njoo, anakuhitaji," Mwalimu alisimulia. "Nikamwambia, tiketi? Akasema hakuna shida, hakuna shida. Nikaingia kwa wafalme kwa sababu ya mkojo."

Jengo zima lilicheka aliposema hivyo, na yeye akatukasirikia, maana hakuwa anachekesha.

Alimhudumia Bibi, akambadilisha, akamfuta uso, akamrudisha kwenye kiti. Na hakurudisha ile mikono ya kiti kwa mtu. Alisukuma yeye, mwana akifuata nyuma. Katikati ya kanisa, sakafuni, akaliona kaburi la yule msafiri wa Kizungu aliyefia kwetu, yule ambaye moyo wake ulizikwa Afrika na mwili wake ukabebwa na Waafrika kwa miguu, miezi na miezi, hadi pwani. Kila mtoto aliyesoma historia Afrika Mashariki na Kati anamjua. Kwenye jiwe imeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu.

Mwalimu akavuta breki ya kiti.

"Mikono!" alisema, na kila aliposimulia alituonyesha yake, viganja juu. "Mikono haina mutu? Mikono ilitembea yenyewe?"

Akamwita mhudumu wa pale, mzee mwenye joho, akamuuliza majina. Mzee alimjibu kwa upole kwamba kuna watu wawili wanaokumbukwa, na wengine ni vigumu kuwajua wote. Mwana akamshika mkono Mwalimu, twende, unaleta aibu. Ndipo Bibi akainua kichwa.

"Mwache," akasema. Kisha akamtazama Mwalimu. "Wewe unayajua majina yao?"

Hapa Mwalimu alikuwa akishusha sauti, kitu ambacho hakukiweza kwa jambo lingine lolote.

"Nilifundisha kaburi lile miaka yangu yote," alituambia. "Niliandika jina la mzungu ubaoni, watoto wakanakili. Nikawapa mtihani. Alizaliwa wapi, alifika wapi, alifia wapi. Majina ya wabebaji sikuwa na hata moja. Nikamwambia Bibi, sijui. Nimesimama pale nimefoka kanisa zima limegeuka, na sijui."

Hakuna mtu aliyewahi kumkasirisha Mwalimu kama Mwalimu alivyojikasirisha siku ile.

Lakini kisa hakikuishia kwenye kaburi. Kesho yake asubuhi alishuka chumbani kwa Bibi kumwamsha na kumkuta hayupo. Mwana alikuwa amekuja mapema, amemhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ilikuwa imeshapangwa, hata kabla ya safari. Wote walijua ila Bibi na Mwalimu. Mapokezi walimwambia kwamba gari la kumpeleka uwanja wa ndege linamsubiri na vitu vyake vifungwe. Alimpigia mwana. Akaomba aagane na Bibi, dakika chache tu. Mwana akasema itamchanganya mama, tumwache atulie, asante kwa yote.

Mimi nilimkuta Park Station, kituo kikuu cha treni, siku aliyorudi. Alikuwa na begi lake na mto mdogo wa shingo wa Bibi, alioubeba kwa makosa. Tulipanda Berea kwa miguu, akapita kanisa letu bila kufanya ishara ya msalaba wala kunong'ona chochote.

Watu walimwambia amshukuru Mungu ameona Ulaya. Mama mmoja wa kwaya alimwambia hivyo usoni, na siku ile hasira zilirudi, namshukuru huyo mama. "Nimemwogesha mutu miaka yote," Mwalimu alifoka hadi watu wa ghorofa ya juu wakatoka, "najua kovu lake la goti, najua anaogopa maji ya moto, halafu naambiwa nitamchanganya! Miye! Nimchanganye!"

Baada ya hapo alipata kazi ya kulea watoto kwa familia moja ya kusini mwa mji, akahamia Turffontein, kwenye chumba cha uani karibu na uwanja wa mbio za farasi. Nilimtembelea nilipopata nafasi. Alikuwa anagombana na farasi.

Miaka miwili baadaye, majira ya baridi, alinipigia simu. Mwana wa Bibi yuko Johannesburg. Bibi amefariki, wanauza nyumba ya Randburg, anataka waonane. "Twende wote," alisema. "Unishike nikitaka kumpiga." Hakuwa anatania.

Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Mwana alikuwa amezeeka kuliko nilivyomfikiria, mvi, macho mekundu, hana pa kuweka mikono. Akatukaribisha viti, hakukuwa na viti. Mwalimu alisimama, basi na mimi nikasimama. Akasema kwamba miezi ya mwisho mama yake aliacha Kiingereza. Alitoa sauti ambazo hakuna aliyezielewa, madaktari wakasema ni ubongo tu. Muuguzi mmoja akadhani labda ni lugha ya Afrika. Kwa hiyo alimrekodi.

Akaweka simu juu ya boksi na kuibonyeza.

Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Walimu," ilisema, ndivyo Bibi alivyotamka Mwalimu. "Maji moto. Moto sana. Walimu." Kimya, vyombo vikigongana mbali. "Uko wapi? Njoo. Walimu, uko wapi?"

Mwalimu hakutikisika. Aliinamia simu hadi rekodi ikaisha, na bado akabaki ameinama.

"Kwa hiyo ni lugha?" mwana akauliza.

"Nikimwogesha nilisema Kiswahili," Mwalimu akajibu kwa Kiingereza chake cha polepole. "Kiingereza cha kumwogeshea mtu sina. Pole pole, inua mkono, maji moto, njoo. Miaka yote." Akanyanyuka. "Namba yangu ya simu ulikuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na leo ndiyo umepiga."

Nilisogea karibu na Mwalimu, asije akarusha mkono. Hakurusha. Alimwonyesha mwana boksi kwa kidole.

"Kaa."

Akakaa, yule mtu mzima, magoti yakiwa juu.

"Alisema uko wapi. Sema."

"Yuko wapi," mwana akasema.

"Hapana. Yuko wapi ni kumuuliza mutu mwingine. Anaulizwa mutu aliyepotea, hayupo. Mama yako hakuuliza mutu mwingine. Aliniuliza miye, kama niko chumba cha pili. Uko. Uko wapi. Tena."

"Uko wapi."

"Inua sauti. Yeye aliita, hakunong'ona."

"Uko wapi!" mwana akasema, na safari hii lilitoka sawasawa, likagonga kuta zisizo na picha, na uso wake ukaharibika kwa machozi.

Mwalimu hakumpa kitambaa wala hakumgusa bega. Alivuta boksi jingine, akaketi mbele yake kama mtu mwenye siku nzima.

"Tena," akasema.